Mswada wa Voynich: Lugha Isiyosomeka Hutambuliwaje?

Katika Maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, nchini Marekani, kumehifadhiwa kitabu kidogo cha ngozi ya ndama chenye namba ya rejea MS 408. Kina kimo cha takriban sentimita 23 na upana wa sentimita 16. Kurasa zake, zipatazo 240, zimejaa michoro ya mimea isiyotambulika, duara za nyota, wanawake waliosimama katika madimbwi ya maji, na maandishi ya herufi ambazo hazijapatikana katika kitabu kingine chochote kinachojulikana. Kitabu hicho huitwa Mswada wa Voynich, kwa jina la Wilfrid Voynich, mfanyabiashara wa vitabu vya kale aliyekinunua nchini Italia mwaka 1912 kutoka kwa Wajesuiti.

Tangu wakati huo wamejitokeza watu wengi waliodai kuitambua lugha iliyomo. Wengine walisema ni Kilatini, wengine Kiebrania, Kiukraine, Kituruki, Kinahuatl cha Meksiko, au lugha mojawapo ya Asia ya Mashariki. Kila dai lilitangazwa kuwa suluhisho, na hakuna hata moja lililokubaliwa na wataalamu kwa jumla.

Swali lenyewe lina maana kwa yeyote anayefanya kazi na lugha. Mtafsiri huanza kazi yake baada ya lugha ya matini kujulikana. Hatua inayotangulia, yaani kuijua lugha hiyo, kwa kawaida haimsumbui. Katika mswada huu hatua hiyo ndiyo kazi yote. Makala haya yanaeleza jinsi lugha inavyotafutwa ndani ya maandishi yasiyosomeka, kwa nini madai mengi huanguka, na ni ushahidi wa namna gani unaostahili kukubaliwa.

Kunukuu, kusimbua, kufumbua na kutafsiri

Habari zinazoandikwa kuhusu mswada huu huchanganya vitenzi vinne ambavyo inafaa vitenganishwe.

*Kunukuu* maandishi ni kuyahamisha kutoka kwenye alama zake za asili kwenda kwenye alama nyingine zinazoweza kuchapwa na kuhesabiwa. Mswada wa Voynich umenukuliwa wote. Mfumo unaotumika zaidi, uitwao EVA, huipa kila alama ya mswada herufi moja ya Kilatini. Kwa mfumo huo, neno linalojitokeza mara nyingi kuliko mengine huandikwa *daiin*. Ni lazima ikumbukwe kwamba herufi hizo si matamshi. Hakuna ajuaye kama alama iliyonukuliwa kwa *d* iliwahi kutamkwa /d/.

*Kusimbua* ni kuondoa msimbo uliowekwa kwa makusudi ili kuficha ujumbe. *Kufumbua* maandishi ni kugundua thamani za alama ambazo zamani zilisomwa wazi na wenyewe, ila ujuzi wa kuzisoma umepotea. *Kutafsiri* ni kuhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine, na tendo hilo haliwezekani kabla lugha ya kwanza haijajulikana. Kwa hiyo kusema "tafsiri ya Mswada wa Voynich" ni kutumia neno kabla ya wakati wake. Kilichopo hadi sasa ni unukuzi, pamoja na mapendekezo ya usimbuaji au ufumbuzi.

Tofauti hiyo hutokana na ukweli kwamba katika maandishi yoyote mna tabaka zinazoweza kuachana: alama, msimbo kama upo, na lugha. Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu. Nyaraka za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ni barua za mwaka 1711 kutoka Kilwa, zilizohifadhiwa Goa, nchini India. Zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini lugha yake ni Kiswahili. Mtu aliyeishia kuzitambua herufi angekosea lugha. Zaidi ya hayo, katika tahajia ya zamani herufi moja ya Kiarabu iliweza kusimama badala ya sauti kadhaa: *bata*, *pata* na *mbata* yaliweza kuandikwa kwa namna moja, na alama moja ya irabu ikatumika kwa *i* na *e*, nyingine kwa *u* na *o*. Msomaji aliyeijua lugha aliamua kwa muktadha. Asiyeijua hakuwa na njia ya kuamua.

Kitabu chenyewe kinasema nini

Kabla ya kuuliza maneno yana maana gani, watafiti huuliza kitu kilichobeba maneno kilitengenezwa lini na wapi. Majibu ya maswali hayo hupunguza idadi ya lugha zinazoweza kufikiriwa.

Mwaka 2009 vipande vya ngozi ya mswada vilipimwa kwa kaboni katika Chuo Kikuu cha Arizona. Matokeo yalionyesha, kwa uhakika wa asilimia 95, kuwa ngozi hiyo ilitoka kwa wanyama waliokufa kati ya mwaka 1404 na 1438. Kipimo hicho kinahusu ngozi, si wino, lakini kinatosha kuondoa madai kadhaa. Katika karne ya 17 mwanasayansi wa Prague, Johannes Marcus Marci, alimwandikia Athanasius Kircher barua akisema kwamba kitabu hiki kiliwahi kununuliwa na Kaisari Rudolf II kwa dukati 600, na kwamba kilidhaniwa kuwa kazi ya Roger Bacon. Bacon alifariki mwishoni mwa karne ya 13, zaidi ya miaka mia moja kabla ya ngozi hiyo kupatikana. Vivyo hivyo, mwaka 2013 ilipendekezwa kwamba mimea iliyochorwa ni ya Meksiko na kwamba lugha ni Kinahuatl. Pendekezo hilo hulazimika kueleza jinsi ngozi iliyotayarishwa miongo kadhaa kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492 ilivyokaa bila kuandikwa hadi ikafikiwa na mimea ya ng'ambo ya Atlantiki.

Mtindo wa michoro, mavazi na majengo huelekeza Ulaya. Katika kurasa za nyota, majina ya miezi yameandikwa kwa herufi za Kilatini na kwa umbo la mojawapo ya lugha za Kirumi, yaani zile zilizotokana na Kilatini kama Kifaransa na Kihispania. Hata hivyo, watafiti wengi huyahesabu majina hayo kuwa nyongeza ya mkono mwingine. Yanaonyesha kitabu kilipitia kwa nani, na hayathibitishi lugha ya maandishi makuu.

Kuipima lugha bila kuisoma

Baada ya kukichunguza kitabu, hatua inayofuata ni kuyahesabu maandishi. Lugha haiwezi kujificha kabisa hata kwa mtu asiyeielewa, kwa sababu kila lugha ina tabia zake katika mpangilio wa sauti na maneno.

Chukua Kiswahili. Mtu asiyejua neno hata moja, akipewa kurasa mia za Kiswahili zilizoandikwa kwa alama ngeni, atagundua upesi kwamba karibu kila neno linaishia kwa mojawapo ya alama tano zilezile. Ataona pia kwamba alama hizo tano hufuatana na nyingine kwa utaratibu: baada ya alama moja au mbili za aina ya kwanza huja moja ya aina ya pili. Bila kujua matamshi, atakuwa amezigundua irabu na silabi wazi. Akiendelea ataona kuwa maneno mengi hubadilika mwanzoni huku sehemu ya mwisho ikibaki: *mtoto* na *watoto*, *mdogo* na *wadogo*, *ameanguka* na *wameanguka*. Ataona tena kwamba mabadiliko hayo huandamana katika sentensi moja. Hapo ataweza kusema kuwa lugha hii hutumia viambishi awali na ina upatanisho wa kisarufi, ingawa hajui kama habari inahusu watoto au mawe.

Mbinu hizohizo zimetumika kwa Mswada wa Voynich, wenye maneno zaidi ya 35,000, na matokeo yake yanashangaza kwa namna mbili zinazopingana.

Kwa upande mmoja, maandishi yanafanana na lugha. Maneno machache hutumika mara nyingi sana na mengi hutumika mara chache, kama ilivyo katika matini za kawaida. Mwaka 2013 Marcelo Montemurro na Damián Zanette walionyesha kwamba baadhi ya maneno hukusanyika katika sehemu fulani za kitabu, kama ambavyo katika kitabu cha tiba neno "mizizi" lingejaa katika sura ya mimea na kupungua katika sura ya nyota.

Kwa upande mwingine, ukishuka hadi kwenye alama mojamoja, lugha hiyo haifanani na jirani zake. Alama fulani huonekana karibu daima mwanzoni mwa neno, nyingine karibu daima mwishoni. Alama inayonukuliwa kwa *q* hufuatwa karibu kila mara na ile ya *o*. Wataalamu hupima hali hiyo kwa entropia, yaani kiwango cha kutotabirika: ukiijua alama moja, je, ni vigumu kiasi gani kuikisia inayofuata? Katika lugha nyingi za Ulaya kipimo hicho hufika biti 3 au zaidi. Katika mswada huu ni takriban biti 2. William Bennett, aliyelitangaza jambo hilo mwaka 1976, alilazimika kwenda hadi lugha za visiwa vya Pasifiki kama Kihawaii, zenye sauti chache na silabi rahisi, ili kupata kitu cha kulinganisha.

Kuna mambo mengine. Neno moja huweza kurudiwa mara mbili au tatu mfululizo, au kufuatwa na maneno yanayotofautiana nalo kwa alama moja tu. Mzungumzaji wa Kiswahili atakumbuka *polepole*, *haraka haraka* au *kidogo kidogo*; lakini uradidi wa Kiswahili una mipaka na kazi maalumu, ilhali katika mswada maneno yanayokaribiana umbo hujaa mistari mizima. Tena, alama fulani hupendelea mwanzo au mwisho wa mstari, kana kwamba mstari wenyewe, na si sentensi, ndio unaoamua. Mwaka 1976 Prescott Currier aligundua kuwa kitabu kina aina mbili za maandishi zinazotofautiana kitakwimu, alizoziita A na B. Baadaye, mwaka 2020, Lisa Fagin Davis alitambua miandiko ya watu watano. Jibu lolote kuhusu lugha ya kitabu lazima lieleze A na B kwa pamoja.

Takwimu hizi hazilitaji jina la lugha. Kazi yake ni kuweka masharti. Anayesema ni Kilatini cha kawaida kilichoandikwa kwa herufi za kubuni, alama moja kwa sauti moja, tayari amekanushwa, kwa kuwa Kilatini hakitabiriki kwa urahisi kiasi hicho. Atalazimika kuongeza msimbo unaoeleza tofauti hiyo. Ni katika kuongeza huko ndipo hatari huanza.

Mtego wa kamusi

Wapendekezaji wengi hujipa uhuru fulani: irabu hazikuandikwa, au herufi zilipanguliwa, au neno moja lina alama za ziada zisizosomwa. Kila uhuru huonekana mdogo, na baadhi yake ulikuwepo kweli katika uandishi wa kale. Kiebrania na Kiarabu huandikwa mara nyingi bila irabu fupi. Hatari ni kwamba uhuru huo humpa mfumbuzi uwezo wa kupata maneno popote.

Jaribio dogo kwa kutumia kamusi ya Kiswahili laweza kulionyesha jambo hilo. Tuseme imepatikana sentensi ya maneno matatu yenye konsonanti tu: k-t-b, l-l-m, k-l-m. Ikiruhusiwa kuongeza irabu popote, sentensi hiyo inasomeka *Katibu alilima kilima*. Inasomeka pia *Katiba ililemea kilimo*. Inasomeka tena *Katibu alilemea kalamu*. Zote tatu ni Kiswahili sahihi, zina kiima, kitenzi na yambwa, na hakuna kitu katika konsonanti hizo kinachoamua ipi ndiyo.

Sasa iongezwe ruhusa ya pili, ya kupangua herufi. K-t-b iliyokuwa *kitabu* inakuwa *kabati* au *tabaka*. K-l-m iliyokuwa *kalamu* inakuwa *malkia*, *malaika* au *milki*. Kwa ruhusa mbili tu, karibu kila kundi la konsonanti tatu hupata neno katika kamusi, na mtu mvumilivu atatunga sentensi inayoelekea kuwa na maana. Hata kama maandishi ya asili yangekuwa alama zilizotupwa ovyo, kamusi ingemjibu.

Mtego huo umewanasa wengi. Mwaka 1978 John Stojko alitoa usomaji wa Kiukraine kisicho na irabu. Sentensi zake ziliunganika kwa shida na hazikuhusiana na michoro ya kurasa. Zamani zaidi, mwaka 1921, William Newbold alidai kuwa ndani ya kila herufi mlikuwa na vistari vidogo sana vyenye ujumbe wa Roger Bacon, na usomaji wake ulihitaji kupangua herufi. Mwaka 1931 John Manly alionyesha kuwa vistari hivyo vilikuwa mipasuko ya wino uliokaukia juu ya ngozi, na kwamba njia hiyo ya kupangua ingeweza kutoa karibu ujumbe wowote.

Kompyuta haiondoi tatizo hilo peke yake. Bradley Hauer na Greg Kondrak wa Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, waliifunza programu kutambua lugha kwa kutumia Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu katika lugha 380. Programu hiyo ilifanya kazi vizuri kwa matini zilizojulikana. Ilipopewa Mswada wa Voynich ilikiweka Kiebrania mbele, kwa dhana kwamba irabu hazikuandikwa na herufi za kila neno zilipangwa upya. Zaidi ya asilimia 80 ya maneno yakapatikana katika kamusi ya Kiebrania. Asilimia hiyo ni kubwa kwa kuisikia, lakini jaribio la *kitabu*, *kabati* na *tabaka* linaonyesha kwa nini haitoshi. Aidha, programu inayotakiwa kuchagua lugha iliyo karibu zaidi itachagua mojawapo hata kama jibu sahihi halimo katika orodha.

Maneno peke yake hayatoshi

Njia nyingine ni kuanzia kwenye majina. Mwaka 2014 Stephen Bax alipendekeza usomaji wa maneno kumi hivi, yakiwemo majina ya mimea na ya kundi la nyota, akiyalinganisha na michoro iliyo kando yake. Mwenyewe aliyaita matokeo hayo ya awali. Njia hiyo ina heshima yake: majina ya wafalme ndiyo yaliyomfungulia Champollion mlango wa maandishi ya Misri.

Lakini majina husafiri. Jina la mmea au la nyota huvuka mipaka ya lugha kumi bila kubadilika sana, kwa hiyo kulipata jina hakuonyeshi lugha iliyolipokea. Kiswahili ni ushahidi mzuri. Mtu akipata katika ukurasa mmoja maneno *kitabu*, *kalamu*, *safari*, *habari* na *wakati*, anaweza kutangaza kuwa ukurasa huo ni wa Kiarabu, na asili ya kila neno itamuunga mkono. Atakuwa amekosea. Ukweli umo katika sentensi kama *vitabu vyangu vimepotea*: neno *kitabu* lina asili ya Kiarabu, lakini wingi wake *vitabu*, kimilikishi *vyangu* na kitenzi *vimepotea* vimefungwa pamoja na sarufi ya Kibantu. Msamiati huazimwa kwa urahisi; mfumo wa upatanisho hauazimwi hivyo.

Kwa sababu hiyo wanaisimu hudai sarufi. Usomaji unaotoa orodha ya nomino bila viunganishi, bila mnyambuliko na bila utaratibu wa sentensi haujatambua lugha. Mwaka 2019 dai la kwamba mswada uliandikwa kwa lugha mama ya lugha za Kirumi lilivuma sana, kisha likapingwa na wataalamu wa isimu na wa Zama za Kati, na Chuo Kikuu cha Bristol, kilichokuwa kimelitangaza, kikaiondoa habari hiyo. Lililoonekana zaidi ni kwamba usomaji ulichota neno hili kutoka lugha hii na neno lile kutoka lugha ile, jambo linalompa msomaji kamusi nyingi kwa pamoja na hivyo uhuru mkubwa zaidi.

Ufumbuzi uliofaulu ulikuwaje

Ipo mifano miwili inayosaidia kuona tofauti.

Wa kwanza ni maandishi ya Linear B, yaliyochorwa kwenye vibao vya udongo katika kisiwa cha Krete na Ugiriki bara zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Alice Kober hakuanza kwa kukisia lugha. Alikusanya maneno yenye shina moja na miisho tofauti, akathibitisha kuwa lugha hiyo, iwayo yoyote, hubadilisha miisho ya maneno. Michael Ventris aliendeleza kazi hiyo kwa kupanga alama katika jedwali: zipi zina konsonanti moja, zipi zina irabu moja. Mwenyewe alitarajia kukuta lugha iliyo karibu na Kietruski. Mwaka 1952 jedwali lilimlazimisha kukubali kuwa ni Kigiriki cha kale, kinyume cha alichotaka kukiona.

Uthibitisho ulikuja kutoka nje. Carl Blegen alikuwa amechimbua vibao vingine huko Pylos ambavyo Ventris hakuvitumia katika kazi yake. Ufunguo wa Ventris ulipotumiwa kusoma kimojawapo mwaka 1953, palipochorwa chombo cha miguu mitatu palisomeka *ti-ri-po-de*, na mitungi yenye mikono minne, mitatu, au isiyo na mkono ilitanguliwa na maneno ya Kigiriki yenye maana hizohizo. Mtu mwingine, ukurasa mpya, ufunguo uleule, na michoro ikakubali.

Wa pili ni kitabu cha Copiale, kilichoandikwa Ujerumani katika karne ya 18, chenye kurasa 105 na alama zipatazo 75,000. Mwaka 2011 Kevin Knight, Beáta Megyesi na Christiane Schaefer walikisimbua kwa msaada wa kompyuta. Mwanzoni walidhani ujumbe umo katika herufi za Kilatini zilizochanganywa na alama ngeni, wakalinganisha na lugha nyingi bila mafanikio. Kisha walijaribu dhana nyingine, kwamba herufi za Kilatini ni za kupoteza lengo na ujumbe umo katika alama ngeni. Hapo Kijerumani kilijitokeza, na si kwa maneno ya hapa na pale: kitabu kizima kilisomeka, kikieleza taratibu za chama cha siri. Dhana ya kwanza iliweza kushindwa, na iliposhindwa iliachwa.

Maswali ya kumwuliza anayedai kuitambua lugha

Kutokana na mifano hiyo, mwalimu au mwanafunzi anayekutana na tangazo jipya kuhusu Mswada wa Voynich anaweza kulipima bila kuwa mtaalamu wa misimbo.

Je, ufunguo umeandikwa wazi, kiasi kwamba mtu mwingine akipewa ukurasa ambao mpendekezaji hakuugusa atafikia usomaji uleule? Je, kanuni ni zilezile tangu mwanzo hadi mwisho, au hubadilika kila neno linapokataa? Je, usomaji unaonyesha sarufi ya lugha moja ya wakati mmoja? Je, unakubaliana na tarehe ya ngozi na michoro ya kurasa? Je, unaeleza kwa nini alama zinatabirika mno, kwa nini maneno hurudiarudia, na kwa nini kuna aina A na B? Swali la mwisho ni zito kuliko yote: ni kitu gani ambacho, kama kingeonekana, mpendekezaji angekubali kwamba amekosea? Ufunguo usioweza kushindwa na ukurasa wowote haujathibitisha lolote kuhusu ukurasa wowote.

Maswali hayo yanahusu pia wanaosema kuwa hakuna lugha kabisa. Mwaka 2004 Gordon Rugg alionyesha jinsi jedwali la silabi na kadi yenye matundu vinavyoweza kuzalisha maandishi yasiyo na maana yanayofanana na ya mswada. Torsten Timm na Andreas Schinner, mwaka 2019, walipendekeza kuwa mwandishi alinakili maneno yake mwenyewe akiyabadilisha kidogo kidogo. Kuonyesha kuwa jambo linawezekana si kuonyesha kuwa ndilo lililotendeka, na mapendekezo haya nayo hulazimika kueleza maneno yanayokusanyika kufuatana na mada. William Friedman, msimbuaji mashuhuri wa Marekani aliyeuchunguza mswada kwa miaka mingi, alihitimisha kuwa ni lugha ya kubuni. Claire Bowern na Luke Lindemann, katika tathmini yao ya mwaka 2021, waliona kuwa maandishi ni ya ajabu katika kiwango cha alama lakini yanafanana na lugha ya kawaida katika kiwango cha maneno na zaidi. Hali hiyo yaweza kutokana na lugha halisi iliyopitishwa katika msimbo au tahajia isiyo ya kawaida.

Kuhusu matumizi

Kwa hali ilivyo, maneno yanayofaa kutumiwa katika Kiswahili ni yale yasiyotangulia ushahidi. "Maandishi ya Voynich" na "unukuzi wa Voynich" ni sahihi. "Lugha ya Voynich" itumike kwa tahadhari, maana hudokeza kuwa ipo lugha na kwamba ni moja, mambo mawili ambayo bado yanachunguzwa. "Tafsiri ya Voynich" iachwe hadi lugha itakapotambuliwa. Panapolazimu kutaja madai, kitenzi *kupendekeza* kinafaa kuliko *kugundua*: "Bax alipendekeza usomaji wa maneno kumi," si "Bax aligundua maneno kumi." Na mswada wenyewe unaweza kuelezwa kuwa "haujafumbuliwa", kwa kiambishi *-ja-* kinachosema kwamba tendo halijatokea na kuacha nafasi ya kutokea.